Mkoba wa Muuguzi

"Afande, mkoba wangu," muuguzi alisema tena, paji la uso likiwa kwenye nondo. "Ndani yake mna pampu ya pumu ya mwanangu."

Koplo wa kaunta hakuinua macho. "Dada, wimbo huo unauimba tangu juzi. Mwenzio nimeshaukariri, bado kuucheza."

Mkoba aliuona. Wa kahawia, kamba imefungwa fundo, umekaa rafuni nyuma ya koplo na kikaratasi chenye jina lake. Hatua sita tu. Nyumbani mtoto wa miaka mitatu alikuwa analala ameketi, kifua kinambana, na mdogo wa muuguzi aliyebaki naye hakuwa na pampu nyingine.

Kosa lake lilikuwa maneno mawili. Kijana mmoja aliletwa hospitali na polisi akiwa na pingu, na muuguzi akaandika kwenye faili: *Alifika amekufa.* Wao walitaka iandikwe kwamba amefia wodini. Akagoma kufuta.

"Unaubembeleza huo mkoba kama mchumba," alicheka mama muuza mitumba, mwenzake wa mahabusu. "Mimi nimelala humu mara nne. Kitu hakitoki bila kusaini sehemu mbili. Ndala zangu tu, zilizokatika, walinisainisha kama nauza kiwanja."

Saa tisa alasiri mkuu wa kituo akatoka ofisini kwake. Alisimama kwanza kwenye dirisha la mbele, akatazama getini kwa muda. Kisha akaja hadi kwenye nondo, sauti yake laini kama ya baba mkwe.

"Huyu ana mtoto mgonjwa, nyinyi mnamzungusha? Mpeni vitu vyake. Vyote."

Koplo akageukia rafu. Akaleta mkoba, simu, pete, funguo, mkanda, hata kibanio cha nywele. Kile kikaratasi chenye jina alikibandua, akakikunja, akakitia mfukoni.

Muuguzi aliitikisa pampu sikioni. Dawa ilikuwamo. Machozi yakamtoka bila yeye kuyaruhusu.

"Nisaini wapi, afande?"

"Hakuna haja, binti yangu. Mtoto anakusubiri. Pitia mlango wa nyuma, gari litakufikisha nyumbani."

Alimgeukia mwenzake amuage. Mama mitumba alikuwa amesimama wima, hana tena utani usoni.

"Muuguzi," alisema polepole. "Waombe usaini."

Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na mama anayekimbilia mwanawe hasikii sana. Alitembea haraka, mkoba kifuani, akiwa anapanga kichwani: pampu kwanza, kisha maji ya moto, kisha ambebe mpaka alale.

Nyuma ya kituo gari lilikuwa linanguruma. Wanaume wawili wakamshika viwiko, kwa adabu kabisa. Hapo ndipo aliposikia, kupitia dirisha la kaunta, kikohozi anachokijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Nimezunguka vituo vyote," mdogo wake alikuwa anasema ndani. "Shikamoo afande. Nimefuata mkoba wa dada yangu, dawa ya mtoto imo."

Muuguzi akafungua mdomo kuita. Kiganja kikaufunika.

"Marahaba. Itazame rafu mwenyewe, binti," koplo alijibu. "Kila aliyeletwa hapa, vitu vyake viko pale. Dada yako sisi hatujawahi kumwona."