Swali la Mwalimu Kanga

Walimu wa sheria wa msituni walipokutana katika kongamano lao, Profesa Kakakuona alizungumza asubuhi nzima. Alikuwa ameandika vitabu kumi na viwili kuhusu haki ya kunywa maji. Mwalimu Kanga, aliyefundisha mwaka wa kwanza, hakuwa na hata kimoja.

“Kufundisha ni kurudia ya jana tu,” Kakakuona alimwambia mbele ya wote. “Usomi ni kuandika.”

Kanga aliinamisha kichwa kwa aibu.

Mara Mama Swala akaingia mbio. “Jamani, nisaidieni! Chui amemkamata mwanangu mtoni!”

Wote wakatoka. Walimkuta Chui ukingoni, amembana mtoto kwa meno. Kakakuona alifungua kitabu chake cha tano, akaanza kusoma utangulizi. Chui aliponguruma, profesa alijikunja akawa kama mpira.

Kanga alisogea mbele. Alimtambua Chui: alikuwa mwanafunzi wake miaka saba iliyopita, yule wa dawati la nyuma.

“Wewe! Simama wima,” alisema kwa sauti ya darasani. “Mnyama akija kunywa maji, sheria inasemaje?”

Chui akasimama wima. “Haguswi mpaka aondoke mtoni, mwalimu!” alijibu kwa nguvu, na mtoto akadondoka, akakimbilia kwa mama yake.

Chui alibaki mdomo wazi. Kisha akauliza kwa unyonge, “Nimepata, mwalimu?”

“Umepata,” Kanga alimjibu. “Sasa kaa chini.”