Mwizi wa Maji ya Mlimani

Hebu fumbeni macho, wanangu, mlione bomba la mianzi likishuka kutoka kwenye tangi la mlimani, likigawa maji nyumba kwa nyumba. Nyumba ya mwisho ni ya Mama Pimbi. Leo kwake yanafika matone tu, na kitoto chake kina homa.

Pimbi alipanda mbio hadi kwenye tangi. Akawakuta majirani wanagombana.

“Mwizi ni Kiboko!” alifoka Kima. “Tumbo lile hulijaza na nini?”

“Na wewe unayeoga kutwa je?” Kiboko alinguruma.

“Jamani, mwanangu anaungua,” Pimbi alisema. “Kila mmoja akazibe maji ya kwake, hata mimi, kisha tutazame kama maji ya tangi yatazidi kushuka.”

“Uzibe na hayo matone?” Kima alicheka. “Mama, una wazimu?”

“Nitaziba.”

Wakateremka, wakaziba, wakarudi. Pimbi alilikodolea macho tangi, akimwaza mwanawe aliyeachwa bila hata tone. Hakuna aliyekunywa, lakini maji yalizidi kushuka.

Kicheko kikamwisha Kima. Wakalifuata bomba, masikio yakigusa ardhi, hadi kwenye nyasi mbichi ambapo Kima mwenyewe alipenda kujilaza wakati wa kiangazi, akisifu ubaridi wake. Chini ya nyasi hizo mwanzi ulikuwa umepasuka, maji yakibubujika.

Waliuziba kwa utomvu, na jioni ile kitoto cha Pimbi kikanywa.

Nawaomba mkumbuke jambo moja, wanangu: maji yakipungua, kabla ya kumtafuta mwizi, tafuteni ufa.