Aliyevaa Kinyago Hasemi

Mgeni hakuwahi hata kusalimu. Mama Mallena aliiona kofia ya mwanawe mkononi mwa mgeni huyo, akatoka nje, akaurudishia mlango nyuma yake.

"Lini?"

"Jumatano, mama. Jukwaa la ujenzi lilianguka, huko Torino. Mimi naitwa Elvio, tulikuwa tukijenga pamoja." Akaigeuza kofia mkononi. "Zamu ya kupanda siku ile ilikuwa yangu, akapanda yeye."

Mama Mallena hakulia. Alishika mwimo wa mlango mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Sema polepole. Mzee yumo ndani. Haoni, na moyo wake mbovu. Tangu alfajiri ananiuliza basi limefika? Mwanangu Bustianu alimwahidi kupita hapa na kengele Karnivali hii, kabla ya Kwaresima." Akampima kwa macho. "Una mabega, wewe. Vaa ngozi za Bustianu, uingie mstari wa wavaa vinyago. Leo tu. Kesho ni Majivu, nitamwambia mwenyewe. Niahidi."

Elvio akaahidi.

Alimvisha ghalani: ngozi nyeusi za kondoo, kinyago cheusi cha mti. Kisha akaingia naye ndani.

"Zoseppe! Mwanao kafika. Keshavaa kinyago."

"Basi asinijibu!" mzee akacheka. "Aliyevaa kinyago hasemi. Mlete nimfunge kengele mwenyewe."

Mikono ya mzee ilipapasa mgongo, ikapanda hadi mabegani, ikatulia hapo kitambo.

"Umekonda," akasema. "Kwani Torino hawali?"

"Wanakula mvua," Mama Mallena akadakia.

Mzee akauvuta mkanda wa mwisho hadi Elvio akakosa pumzi.

Walitoka wanaume kumi na wawili, weusi, kimya, wakiruka hatua moja ili kengele zote zilie kwa pamoja. Kilo thelathini za kengele mgongoni. Kila waliporuka, mikanda ilimla Elvio mabega. Mara mbili alichelewa, na kengele zake zikalia peke yake mtaa mzima.

Walipopita mlangoni, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti, uso ameuinua, machozi yakimtiririka. Mkewe alikuwa amemshika bega.

"Unamsikia?"

"Namsikia, mke wangu. Namsikia."

Jua lilipoanza kushuka, Elvio alirudi ndani, kinyago bado usoni. Mama Mallena akaenda jikoni kuleta mvinyo na maandazi. Mzee akaanza kufungua mikanda. Vidole vyake vikagusa shati lililolowa damu.

Maneno yalimjaa Elvio kooni: jukwaa, zamu, samahani. Alikuwa ameahidi.

Mzee akainama sikioni pake.

"Pole, mwanangu, na asante. Msimamizi wenu alipiga simu kwenye baa ya hapa kijijini siku ya Alhamisi, nikaipokea mimi. Tafadhali, mama yake asijue leo. Kesho ni Majivu, nitamwambia mwenyewe. Niahidi."

Elvio akaukamata mkono wa mzee, akaubana.

Mama Mallena akatokea na bilauri tatu. "Mnanong'ona nini, nyie wawili?"

"Tunanong'ona wapi?" mzee akasema. "Aliyevaa kinyago hasemi."

Na Elvio hakusema.