Bahari Mvivu

Ritha alitandika mkeka mahali ambapo, alfajiri ya Jumapili ileile, samaki walikuwa wakipita.

"Kaa hapa, mama. Pana upepo, hakuna makelele."

Mama mkwe wake alijishusha polepole akiegemea fimbo. Magoti yalimsumbua. Walikuwa wameshuka kutoka Lushoto Ijumaa, familia nzima, kuitembelea Tanga, na Mama Castory tangu azaliwe alikuwa akiiona bahari kwenye kalenda tu. Akautazama mchanga mkavu, kisha ule mstari wa buluu kule mbali.

"Ndiyo hii? Mbona imetukimbia?"

"Ndiko inakokaa, mama."

"Basi bahari yenu mvivu. Kwetu hata kijito kinatembea."

Ritha alicheka kwa adabu. Yeye alizaliwa Moa, akajua maji kupwa na kujaa kabla ya kujua kusoma. Fungu lile la mchanga walilotandika mkeka lilikuwa na bonde nyuma yake, na leo ni bamvua, siku ya maji kujaa kupita kawaida. Maji yangeingia kwanza kwa nyuma, kimyakimya, na ikifika saa saba bonde lingekuwa limejaa hadi kiunoni mwa mtu mzima. Hakuna wa kufa. Lakini Mama Castory angepiga mayowe, angelowa, angebebwa mgongoni na vijana wa ufukweni, gauni la kanisani limempanda mapajani, na watu wote wakimchukua video.

Watu wote. Kama siku ya ubatizo wa Queen, miaka miwili iliyopita, Mama Castory alipoinua sufuria ya samaki wa nazi aliyoipika Ritha, akawamwagia mbwa mbele ya mchungaji na wageni.

"Mjukuu wangu halishwi uchawi wa pwani."

Ritha aliiokota sufuria, akaiosha, akatabasamu. Hakupika samaki tena katika nyumba ile.

Castory alikuwa amempeleka Queen kwenye bembea. Basi lao la kurudi lilikuwa la saa kumi. Ritha akapanda ngazi, akaketi nyuma ya ukuta kwa muuza mihogo, akaipa bahari mgongo. Hakutaka kuchungulia. Angesubiri mayowe.

"Dada, leo bamvua," alisema muuza mihogo akigeuza vipande katika karai. "Maji hayachelewi. Kama una mtu huko chini, mwite."

"Najua, shoga. Mimi wa Moa."

Akala muhogo kipande kwa kipande, pilipili ikimchoma midomo. Saa sita na nusu. Saa saba kasoro kumi. Badala ya mayowe, akasikia fimbo ikigonga ngazi.

Mama Castory alisimama mbele yake akihema, gauni limelowa hadi magotini.

"Uliacha kanga yako, mwanangu. Jua litakuunguza." Akamtandia mabegani. "Nimekuta kijito pale nyuma, asubuhi hakikuwapo. Itakuwa mvua imenyesha huko milimani."

Mama Castory akajikalisha kwenye benchi, akakamua pindo la gauni.

"Niagizie samaki wa nazi. Wale wako sikuwaonja, na kosa lilikuwa langu. Tangu Ijumaa natafuta pa kulisemea."

Miaka miwili Ritha alikuwa amelilea donge lile kama mtoto wa pili, na sasa hakujua aliweke wapi.

"Basi tumwite Castory na Queen," akasema mwishowe, "tule wote."

"Castory anaogelea upande wa pili. Mtoto aliniletea mimi." Mama Castory akashusha sauti, kama watu wanavyoishusha karibu na kitanda. "Kasinzia, maskini. Nimemwacha palepale kwenye mkeka, si ndipo uliposema hakuna makelele?"