Telegramu Kwenye Koti la Nahodha

Telegramu ya kumjia Wasfi, mchezaji Mmisri, ilifika asubuhi kutoka kwao Misri. Sasa ilichungulia mfukoni mwa koti la nahodha, lililotundikwa msumarini karibu na dirisha la chumba cha kubadilishia nguo, lililotazama uwanja. Katika klabu ile ya ugenini, hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kusoma barua wala telegramu siku ya mechi kabla ya mechi kwisha.

"Mama yangu ni mgonjwa sana, kapteni. Niruhusu niisome tu."

"Ukishaisoma, utacheza na miguu ya nani? Desturi ni desturi, Farao. Dakika tisini tu, kisha ni yako."

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Wasfi akakaza kamba za viatu, akazifungua, akazikaza tena.

Alipofunga bao, walimbeba juu. Kutoka mabegani mwao aliliona lile dirisha likiwa wazi, na mkono mtupu wa koti ukipepea; mfukoni telegramu haikuchungulia tena. Zilibaki dakika arobaini.