Uso wa Dukani

Siku hizi dawa haina bei moja. Mashine ya dukani hukutazama wewe na mgonjwa wako, ikapima mnavyoihitaji, ndipo itaje bei. Kwa hiyo Siwatu alimfunza mwanawe Tunu, aliyekuwa akiungua kwa homa, kutulia mgongoni na kutabasamu.

“Ukilia tu, mwanangu, tumekwisha.”

“Silii, mama.”

Dukani Siwatu aliimba wimbo wa harusi. Bei ikapanda, ikasita, kisha ikaporomoka hadi ikawa ya peremende.

“Tumeiweza!” akanong’ona, chupa mkononi. “Tunu, tumeiweza!”

Muuza dawa akainamisha macho.

“Dada,” alisema, “mashine hii haijadanganywa hata siku moja. Hebu fungua mbeleko.”