Dole la Kulia

Sikudhani alipitisha fomu yake ya rufaa dirishani. Karani akaitazama, akamrudishia.

"Mama, umeweka dole la kushoto. Linatakiwa la kulia, lifanane na lile uliloweka siku ya kuajiriwa."

"Soma ninachokatia rufaa, baba."

Karani akasoma. Mashine ya kuchakata mkonge ilimkata Sikudhani dole gumba la kulia. Bodi ya fidia ikaamua kwamba ni jeraha dogo, halimzuii kufanya kazi.

"Pole sana," alisema. "Lakini utaratibu ndio huo. Bila dole la kulia sipokei."

Watu kwenye foleni wakaguna. Sikudhani hakusogea. Alifungua kitambaa mkononi, akachovya kigutu cha dole lake kwenye pedi ya wino, akakigandamiza juu ya fomu kwa nguvu mpaka kaunta ikalia.

"Haya," alisema. "Toa hilo la kwenye faili, ulifananishe."

Karani akafungua faili. Kwenye karatasi kuukuu palikuwa na dole lenye mistari tele. Kwenye fomu, duara jeusi lisilo na mstari hata mmoja, wino wake bado mbichi.